Mkebe wa Baruti Juu ya Meko

Mzee alifika kituoni asubuhi, wakati wavuvi wa Rumonge walipokuwa wakianika ndagala zao na jua lilikuwa bado halijawa kali. Alibeba mkebe wa maziwa ya unga, wa aina ile isiyokosekana katika nyumba yoyote, uliofunikwa kwa kitambaa na kukazwa kwa kamba. Akauweka juu ya meza ya askari wa zamu, kando ya pakiti ya sigara na kibiriti, akasema kwa utulivu, "Mwanangu, hii ni baruti ya marehemu kaka yangu. Nimechoka kuilinda."

Sisi tulikuwapo hapo kwa shughuli nyingine kabisa. Tulimwona askari yule kijana akichomoa kisu ili aikate kamba na kukibandua kifuniko, ambacho kilikuwa kimeshika kutu pembeni. Sajini aliyesimama mlangoni akamwambia, "Acha," kwa sauti ya chini, wala hakuongeza neno. Kisu kikarudi mahali pake. Sigara na kibiriti vikaondolewa mezani, na watu waliokuwa wakingoja shida zao barazani wakaombwa wasogee chini ya mwembe ulio mbali.

Tumeona vema kuwaandikia ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi habari ya mkebe ule, kwa kuwa kila mmoja wetu amefundishwa kuitunza bunduki yake, na wengi wamefundishwa kuzihesabu risasi, lakini ni wachache waliopata kuelezwa juu ya baruti yenyewe inapokuwa nje ya ganda la risasi, ndani ya chombo kisicho chake.

Mzee alitueleza mambo yake bila kuficha. Kaka yake alikuwa mwindaji upande wa Kigoma, akitumia gobori, na kama wenye magobori wote alikuwa akishindilia baruti kwa mkono wake mwenyewe. Baruti nyeusi ilipoadimika, akawa anafungua risasi za kisasa alizozipata tusijue wapi, akiichanganya baruti ya ndani yake na ile ya zamani katika mkebe mmoja. Alipofariki, mkebe ukabaki kwa mdogo wake. Naye, akiogopa unyevu wa ziwa, akauweka mahali pakavu kuliko pote nyumbani: juu ya dari ya jikoni, sawasawa na meko. Huko ulikaa miaka kadhaa, na chini yake wajukuu walikuwa wakipika ugali kila siku.

Yafaa ieleweke kwamba mzee hakuwa mjinga. Alikuwa na hoja yake, nayo ilikuwa nusu ya kweli. Baruti nyeusi, iliyo mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa, adui yake ni unyevu. Lakini unyevu huo hauiui kwa hakika. Baruti nyeusi iliyolowa kidogo ikakauka yaweza kuwaka tena, na iliyohifadhiwa vema hudumu vizazi na vizazi. Kwa hiyo usemi tunaousikia makambini kwamba "hiyo ni ya zamani, imekwisha kufa" ni usemi wa hatari. Cheche ndogo ya chuma kugonga chuma yatosha kuiwasha, na hata cheche ya umeme tuli, ule unaotoka katika nguo za nailoni wakati wa kiangazi, si jambo la kudharau. Ndiyo sababu sajini alikizuia kile kisu.

Baruti isiyo na moshi, iliyo ndani ya risasi zetu za leo, ni ya tabia nyingine. Mfaransa Paul Vieille aliigundua mwaka 1884, na msingi wake ni nitroselulosi. Hii huzeeka. Hata ikiwa imetulia ghalani, huoza polepole na kutoa gesi za asidi, na gesi hizo huongeza kasi ya kuoza kwenyewe. Watengenezaji huitia dawa ya kuituliza, kama vile difenilamini, ambayo huzimeza gesi hizo. Lakini dawa hiyo nayo hupungua mwaka hadi mwaka, na ikiisha, baruti yaweza kupata joto kutoka ndani yake hata kuwaka bila ya mtu kuigusa. Wafaransa waliyajua hayo kwa gharama kubwa. Katika bandari ya Toulon, manowari Iéna ililipuka tarehe 12 Machi 1907 na kuua zaidi ya watu 100, na tarehe 25 Septemba 1911 manowari Liberté ikalipuka na kuua watu wapatao 300. Mkosaji alikuwa baruti iliyooza katika maghala ya manowari hizo.

Basi ndani ya mkebe wa mzee zilikutana baruti mbili: moja isiyokufa, na nyingine ifayo kwa hasira. Na juu ya meko! Kanuni ya jumla ya wanakemia ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kuoza huongezeka kiasi cha maradufu. Mwambao wetu wa Imbo, kutoka Bujumbura kupitia Rumonge hata Nyanza-Lac, ndio sehemu ya joto kuliko zote nchini Burundi, na chini ya bati wakati wa adhuhuri joto hupita sana lile la kivulini. Afisa aliyehamishwa kutoka milima ya Bururi, ambako usiku mtu hujifunika blanketi mbili, asidhani kwamba ghala lililofaa huko litafaa huku ufuoni.

Wako watakaouliza: je, huko Ulaya na Marekani raia hawajazi risasi zao wenyewe nyumbani? Ni kweli, wanajaza. Kwa wawindaji na walenga shabaha wa huko ni jambo la kawaida kununua baruti kwa makopo, fataki kwa vikasha, na kutumia tena maganda yaliyokwisha kufyatuliwa. Kwetu jambo hilo halina nafasi. Burundi ni miongoni mwa nchi zilizotia sahihi Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 juu ya silaha ndogondogo, na raia anayeshika baruti bila ruhusa yumo hatiani. Hata hivyo twaweza kujifunza kutokana na masharti waliyojiwekea wenzetu hao. Huko Marekani, kanuni za kuzuia moto husema kwamba baruti isiyo na moshi ikae katika chombo chake cha asili tu. Kwamba nyumbani isizidi ratili 20, yaani kilo 9 hivi. Na ikizidi hapo, hadi ratili 50, iwekwe ndani ya kasha la mbao zenye unene wa inchi moja.

Kasha la mbao! Tulipokuwa chuo cha maafisa tulicheka tuliposikia hivyo, kwani tuliamini ya kwamba kitu cha hatari hufungiwa katika chuma kizito. Mkufunzi wetu hakubishana nasi. Alitupeleka uwanjani, akawasha baruti kidogo iliyotandazwa juu ya jiwe, nayo ikawaka kwa fyuu moja na mwali mrefu, ikaisha. Kisha akatuuliza nini kingetokea kama mwali ule usingekuwa na pa kutokea. Hakuna aliyecheka tena. Mbao huchelewesha joto la nje lisifike ndani, na moto ukizuka ndani, huachia mapema kabla shinikizo halijawa kubwa. Kasha la chuma lililofungwa barabara hushikilia mpaka lisipoweza tena, na hapo huwa bomu. Vivyo hivyo makopo ya kiwandani yametengenezwa makusudi yawe na sehemu nyepesi ya kufunguka. Mtu anayehamishia baruti katika chupa ya kioo, katika bomba la chuma, au katika dumu la mawese, ameiondolea baruti ulinzi wake na ameiondolea jina lake pia. Tunalitaja dumu la mawese kwa sababu Rumonge ni mji wa michikichi, na hakuna chombo kilicho karibu na mkono wa mtoto kuliko hicho.

Wala shida ya vyombo na maghala si ngeni katika ziwa hili. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilileta Ujiji mapipa madogo ya baruti pamoja na nguo na ushanga, na kutoka huko baruti ikasambaa kwa mitumbwi katika fuo zote. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulipoweka masharti juu ya silaha zilizoingia Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya Ikweta, uliagiza kwamba bunduki na baruti zote ziwekwe katika maghala ya umma chini ya usimamizi wa serikali. Wakoloni walikuwa na shabaha zao katika jambo hilo, nasi hatuwasifu. Lakini walitambua kwamba anayeitawala baruti ni yule mwenye ufunguo wa ghala.

Lakini kuwa na ufunguo peke yake hakutoshi. Jirani zetu wa Tanzania walipata msiba Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na wa pili Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, maghala ya jeshi yalipolipuka jijini Dar es Salaam. Katika kila msiba walikufa watu 20 na zaidi, na maelfu walizikimbia nyumba zao, wazazi wakitafuta watoto usiku. Huko Maputo, ghala la Malhazine liliua zaidi ya watu 100 tarehe 22 Machi 2007. Huko Brazzaville, tarehe 4 Machi 2012, waliokufa walipita 200. Maghala hayo yote yalikuwa na walinzi, na yote yalikuwa yamezungukwa na mitaa ya watu. Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulitoa miongozo ya kuhifadhi risasi na milipuko, ambayo yafaa kila mtunza ghala aisome: iliyotangulia kuingia itangulie kutoka, kila kasha liwe na tarehe na namba yake, fataki zisilale pamoja na baruti, makasha yasigusane na ukuta wala sakafu, ili hewa ipite. Nasi wa ufuoni twaongeza la kwetu: kati ya mwaka 2020 na 2024 maji ya Tanganyika yalipanda hata yakaingia katika nyumba za watu. Sakafu iliyokuwa kavu wakati ghala lilipojengwa si lazima iwe kavu leo.

Tumrudie mzee. Mkebe haukufunguliwa, haukutikiswa, wala kutu yake haikukwanguliwa. Haukupelekwa katika ghala la kituo palipo na risasi. Uliwekwa nje, kivulini, juu ya ubao, mbali na jiko na njia ya watu, akawekwa askari mmoja wa kuzuia wapitao, na wataalamu wa milipuko wakaarifiwa. Mtu mmoja alipendekeza utupwe ziwani. Sajini akamwuliza iwapo yeye hali mukeke. Mwingine akataja choo, naye akaambiwa afikirie atakayeingia na sigara. Wataalamu walifika kabla ya jioni, wakauchukua kwa namna yao, na mzee akaandikwa katika kitabu kuwa ameleta mwenyewe kwa hiari, maneno ambayo sajini aliyasisitiza yaandikwe yote, kwa kuwa mtu anayeadhibiwa kwa kuleta atawafundisha jirani zake kuficha.

Kabla ya kuondoka, mzee aliuliza lini atarudishiwa mkebe wake, maana ulikuwa mzuri wa kuwekea chumvi. Akaelezwa kwamba vumbi la baruti hukaa katika maungio ya bati, mahali ambapo jicho halioni, na kwamba mkebe ule hautarudi tena jikoni. Hakuridhika hata kidogo. Aliondoka akinung'unika, hadi askari yule kijana wa zamu alipomfuata mpaka barabarani na kumpa mkebe mwingine, mtupu na safi, alioutoa nyumbani kwake.