Msandali, Mti Usioishi Bila Jirani

Ewe mkulima wa skimu, kama ploti yako ina kipande cha mteremko wenye mawe, pale plau isipopita na watoto huenda kutafuta kuni, nenda ukakitazame kwa makini kabla hujakifyeka. Huenda ukaona kichaka kinachompita mtu urefu kidogo, chenye mashina kadhaa, na majani manene kama ngozi, ya kijani cha kijivujivu, yenye ncha kali. Wakati wa kiangazi, vichaka vingine vinapopukutisha majani, hiki hubaki na yake. Basi huo huenda ukawa msandali. Wakikuyu huuita muthithii, Wamaasai huuita olosesiai, na wataalamu huuandika Osyris lanceolata. Wazee waliujua sana. Maganda na mizizi yake walichemsha katika chai na supu ili kupata nguvu, na mizizi hiyo hiyo iliwapa rangi nyekundu.

Mti huu ni wa nchi kavu na ya miinuko. Hupatikana Samburu, Baringo, Pokot, Laikipia, Kajiado, Narok na vilima vya Taita, hasa pembeni mwa misitu mikavu na juu ya miamba. Haukui upesi. Usiufikirie kama mkaratusi, ambao mtu huupanda leo na baada ya miaka michache anakata nguzo. Msandali huchukua miongo ya miaka kufanya moyo mnene wa shina, na harufu nzuri imo katika moyo huo na katika mizizi.

Sasa sikiliza jambo ambalo wakulima wengi hawalijui. Chini ya udongo mizizi ya msandali hutafuta mizizi ya miti mingine, huishika, huibana, na kunyonya humo maji na chumvi za udongo. Huenda ukauliza, je, huyu si mwizi? Ni mwizi wa nusu tu. Majani yake ni ya kijani, nayo hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama majani ya mti mwingine wowote. Anachoomba kwa jirani ni kinywaji, ugali anajipikia mwenyewe. Watafiti wa Tanzania waliochimba mizizi huko Iringa waliukuta umeshikana na miti ya aina nyingi, na mmoja wa majirani wake wazuri ni ule ambao Wakikuyu huuita muthigio na Wamaasai olmisigiyioi. Mti huo umejaa katika vichaka vyetu, na wengi hatuuhesabu kuwa kitu.

Kwa hiyo mtu akisema, "Mimi nimeuhifadhi msandali wangu, nimefyeka takataka zote zilizouzunguka," huyo ameuondolea kisima chake. Ukitaka msandali uishi, acha na vichaka vilivyo kando yake.

Jambo la pili ni kwamba msandali una dume na jike, kama mpapai. Dume hutoa maua madogo mengi ya manjano ya kijani, lakini halizai. Jike huzaa matunda madogo ambayo yakiiva huwa mekundu, na ndege huyala na kuzitupa mbegu mbali. Wafanya magendo husema kwamba jike lina mafuta mengi zaidi, na kwa hiyo hulitafuta hilo kwanza. Fanya hesabu mwenyewe. Katika kilima chenye misandali ishirini, majike yakiondolewa yote, madume yaliyobaki yatachanua kila mwaka na hakuna hata tunda moja litakaloonekana. Mpita njia atasema kilima bado kina msandali. Kweli kinao, lakini ni wa mwisho.

Tena hawakati, wanang'oa. Kama wangekata shina na kuacha kisiki, mti ungeweza kuchipuka. Lakini mafuta yamo pia mizizini, basi huchimba mpaka mzizi wa mwisho, wakaacha shimo ambalo mvua ya kwanza huligeuza kuwa korongo. Katika mteremko wa ploti ya skimu, korongo la namna hiyo halikai juu kwa jirani, linashuka mpaka kwenye mahindi yako.

Biashara hii ilipata nguvu kwa sababu sandali ya India, ambayo ni mti mwingine, ilipungua sana, na watengenezaji wa manukato wakatafuta mafuta mahali pengine. Mwaka 2007 Rais alipiga marufuku uvunaji wa msandali wa porini katika Kenya nzima. Mwaka 2013 mkataba wa mataifa uitwao CITES uliutia msandali wa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Ethiopia katika orodha ya mimea ambayo biashara yake kati ya nchi na nchi lazima iwe na kibali. Hata hivyo malori yameendelea kukamatwa usiku, magunia ya sandali yakiwa yamefunikwa kwa mkaa au mahindi.

Mnunuzi akija kwako hatakuja na lori. Atakuja jioni kwa pikipiki, aseme kwamba anataka visiki vikavu tu, na kwamba ploti ni yako na mti ni wako. Hati ya shamba haikupi ruhusa ya kuung'oa mti huu na kuuuza. Na polisi wakija, watakayemkuta na gunia ni wewe, au kijana wako aliyelipwa kuchimba. Mwenye pikipiki atakuwa ameshavuka wilaya ya pili. Mimi ni karani, nawaona watu wakija ofisini kuuliza habari za faini baada ya jambo kutendeka, na wakati huo sina la kuwaambia. Afadhali mje kabla. Chifu na afisa wa misitu ndio wa kupewa habari, na mapema.

Kama una nia ya kuuzidisha, usihamishe mche wa porini, kwa maana ukiung'oa unakata mizizi yake kutoka kwa jirani, nao hufa. Chuma matunda mekundu yaliyoiva, ondoa nyama, kausha mbegu kivulini, na uzipande zikiwa bado mbichi, maana zikikaa sana hazioti. Ganda la mbegu ni gumu. Lipasue polepole bila kuumiza kiini. Mche ukitokea, uweke katika mfuko mmoja na mche wa muthigio, uvipeleke shambani vyote viwili pamoja mvua ndefu ikianza, katika shimo moja, na uzungushie miiba mbuzi wasifike. Matunda hayo ndege huyapenda sana, basi mtume mtoto ayaangalie tangu yanapoanza kugeuka manjano.