Tovuti bila wageni: Jinsi mfanyabiashara wa Tassia anavyoweza kuonekana kwenye Google

WAHENGA walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, katika mtandao wa intaneti, kizuri kisichoonekana hakijiuzi hata kidogo. Hukaa pale kama duka lililofunguliwa kichochoroni bila kibao mlangoni.

Hayo ndiyo masaibu ya wafanyabiashara wengi wadogo waliotumia pesa zao kutengenezewa tovuti, kisha wakangoja wateja ambao hawakuja.

Chukua mfano wa mshonaji wa sare za shule katika mtaa wa Tassia, Embakasi, mashariki mwa jiji la Nairobi. Mtaa huu unaopakana na Fedha na Pipeline umesongamana majumba ya ghorofa, na chini ya majumba hayo mna maduka, saluni, karakana na vibanda vya kila aina. Wapangaji huhamia na kuhama kila mwezi. Mzazi aliyehamia jana hamjui jirani wa kumuuliza, hivyo huuliza rununu yake: “Sare za shule Tassia”. Mshonaji asipojitokeza katika majibu, mzazi huyo atakwenda kwa mwingine, pengine mbali zaidi na kwa bei ya juu zaidi.

Mnamo Septemba 2011, kampuni ya Google ikishirikiana na Safaricom, Benki ya Equity na shirika la KENIC linalosimamia anwani za tovuti zinazoishia kwa .ke, ilizindua mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo nchini Kenya tovuti bila malipo. Mpango huo ulirahisisha hatua ya kwanza. Hatua ya pili, yaani tovuti kupatikana na anayeitafuta, humhitaji mwenye biashara mwenyewe.

Google hufanyaje kazi?

Google, iliyoasisiwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin nchini Marekani, hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza, programu zake huzunguka mtandaoni zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Pili, huhifadhi yaliyomo katika faharasa kubwa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu. Tatu, mtu anapouliza swali, hupanga kurasa kulingana na zinavyoafiki swali hilo na zinavyoaminika.

Uaminifu huo hupimwa kwa njia nyingi, mojawapo ikiwa viungo kutoka tovuti nyingine. Shule ikiweka katika tovuti yake kiungo kinachoelekeza wazazi kwa mshonaji wetu, hiyo ni kama kumtolea ushahidi.

Ili kujua iwapo tovuti yako imo katika faharasa, andika kwenye Google neno site, nukta mbili, kisha anwani ya tovuti bila kuacha nafasi. Usipoona ukurasa wowote, huenda bado hujulikani. Huduma ya Search Console, ambayo hailipishwi, itakuonyesha hitilafu ilipo na maneno ambayo watu hutumia kukufikia.

Zungumza lugha ya mteja

Kosa la kawaida ni kuupa ukurasa wa kwanza kichwa kama vile “Karibu” au “Nyumbani”. Hakuna mteja anayetafuta neno “Karibu”. Kichwa bora ni kile kinachotaja kazi na mahali: “Sare za shule Tassia, Embakasi: Tunashona na kuuza”.

Kila huduma nayo ipewe ukurasa wake. Sweta ziwe kwake, marekebisho ya nguo kwake. Eleza bei, muda wa kungoja na saa za kufungua. Maswali ambayo wateja huuliza dukani kila siku ndiyo yanayofaa kujibiwa katika tovuti. Aidha, kama wateja wako huuliza kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, andika kwa lugha zote mbili.

Jina la mtaa wenyewe huandikwa na baadhi ya watu Tassia, na wengine Tasia. Usijaze kurasa kwa tahajia zote. Chagua moja uitumie kwenye tovuti, kwenye ramani na kwenye kibao cha duka. Kurudiarudia maneno au kuyaficha kwa rangi inayofanana na ya ukurasa ni hila inayokiuka kanuni za Google, na tovuti inaweza kuadhibiwa.

Ramani kwanza

Kwa biashara ya mtaani, kujisajili kwenye ramani ya Google huenda kukaleta wateja mapema kuliko tovuti yenyewe. Usajili huo hautozwi ada. Mwenye biashara hujaza jina, aina ya kazi, nambari ya simu, saa za kazi na picha, kisha huthibitisha kwamba biashara ni yake, mathani kwa simu au video.

Google hueleza kwamba majibu ya aina hii hutegemea mambo matatu: jinsi biashara inavyoafiki swali, umbali wake kutoka aliko mteja, na umaarufu wake. Umbali huwezi kuubadilisha, lakini hayo mengine mawili yamo mikononi mwako. Waombe wateja walioridhika waandike maoni, nawe uyajibu kwa heshima, hata yale machungu. Usinunue maoni, kwani ni kinyume cha kanuni.

Kumbuka pia kwamba mteja wako anatumia rununu na bando alilonunua kwa pesa zake. Picha nzito huchelewesha ukurasa, naye hatangoja. Punguza ukubwa wa picha, na uhakikishe nambari ya simu inaweza kubonyezwa akapiga mara moja.

Jihadhari na matapeli

Wapo wanaojitokeza kwa simu au barua pepe wakiahidi kuifikisha tovuti yako nafasi ya kwanza kwa wiki moja. Google yenyewe husema hakuna awezaye kutoa hakikisho hilo. Nafasi katika majibu ya kawaida haiuzwi. Kinachouzwa ni matangazo, nayo hutiwa alama kuonyesha yamelipiwa. Ukiacha kulipa, hutoweka.

Mwaka 2017, Google ilieleza kwamba kwa kawaida huchukua kati ya miezi minne na mwaka mmoja kabla ya matunda ya kazi hii kuonekana. Anayekuahidi wiki moja anakuuzia upepo.

Hatari nyingine ni umiliki. Mtengenezaji akisajili anwani ya tovuti kwa jina lake, mkikosana anaweza kuondoka nayo, na jina ulilolijenga kwa miaka likapotea. Kabla ya kulipa, sisitiza kwamba anwani isajiliwe kwa jina lako, nywila zote ukabidhiwe, na risiti uihifadhi. Tia alama tarehe ya kulipia upya kila mwaka.

Siku hizi baadhi ya majibu ya Google huandikwa na akili bandia, na si kila mtu hubonyeza kiungo. Hata hivyo, majibu hayo pia hutegemea yaliyoandikwa katika kurasa za mtandaoni. Taarifa sahihi na zinazoeleweka bado ndizo msingi.

Anayeanza asitishwe na wingi wa mambo haya. Wiki ya kwanza ajisajili kwenye ramani. Ya pili arekebishe vichwa vya kurasa. Ya tatu apunguze picha. Ya nne awaombe wateja maoni. Haba na haba hujaza kibaba, na mzazi aliyehamia Tassia jana atajua pa kupeleka kipimo cha sare ya mwanawe.