Mkanda wa meno haununuliwi kwa macho, hesabu kwanza!

UMEITWA kwenye bekari ndogo mtaani. Mashine ya kukanda unga imegoma: mota inanguruma lakini bakuli halisongi. Unafungua kifuniko, kumbe mkanda wa meno umekatika. Mwenye bekari anakupa pesa za spea, unakimbia Kirinyaga Road na kumwonyesha muuzaji kile kipande. Anakutolea “unaofanana na huo.” Unafunga, unawasha, unasifiwa. Baada ya siku chache, meno yamenyolewa yote. Sasa hapo utamwambia nini mteja?

Usimlaumu muuzaji pekee. Wewe ndiye fundi, na hukumpa namba.

Mkanda laini hushika puli kwa msuguano, hivyo ukiteleza kidogo kazi bado inaendelea. Wa meno hauna msamaha huo. Kila jino lazima likae kwenye pengo lake. Ndiyo maana taiming belti ya gari ina meno: vali za injini zinafaa kufunguka kwa wakati wake, si mapema wala kuchelewa.

Namba unazohitaji ni tatu: pichi, idadi ya meno na upana.

Pichi ni umbali kutoka katikati ya jino moja hadi katikati ya linalofuata. Hapa ndipo wengi huchomeka. Mkanda wa 5M una pichi ya milimita 5, ule wa XL milimita 5.08. Ukiangalia haraka, utadhani ni ndugu. Lakini kwenye puli ya meno 20, kama meno 10 hushika kwa wakati mmoja, na hapo tofauti imeshafika milimita 0.8. Meno yanapanda puli, yanasagika.

Kwa hivyo usipime pengo moja. Nyoosha mkanda, pima mapengo 20 kwa pamoja. Ukipata milimita 100, huo ni 5M. Ukipata 101.6, ni XL. Kagua umbo pia: meno ya 5M ni ya mviringo, ya XL yana pembe.

Kisha hesabu meno yote. Tuseme ni 90 na pichi ni 5: urefu ni milimita 450. Ukiwa na upana wa milimita 15, unaitisha 450-5M-15. Umemaliza.

Je, mkanda wa zamani ulishatupwa? Kama puli mbili zina meno sawa, pima umbali kati ya vitovu vyake, zidisha kwa 2, kisha ongeza meno ya puli moja mara pichi. Vitovu vikiwa milimita 175 na puli ya meno 20: 350 jumlisha 100, unarudi kwa ile 450.

Na usibadilishe puli ovyo kwa sababu tu inaingia kwenye shafti. Puli ya meno 20 ikizungusha ya meno 60, kasi hushuka hadi theluthi moja, na nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu mara tatu. Ukiweka ya meno 30 badala ya 60, unga mzito utaichosha mota.

Mara nyingine, nenda dukani na puli mfukoni. Kabla hujatoa pesa, zungushia mkanda kwenye puli hapo kwenye kaunta. Ukiona hata jino moja limeinuka, urudishe.