Kibofu Kilicho Nje ya Mwili: Haraka ni ya Rufaa, si ya Kisu

Mtoto amezaliwa kwa wakati wake, uzito unatosha, na kilio chake kimesikika hadi nje ya chumba cha kujifungulia. Mkunga anapomfuta ndipo anapoona, chini ya kitovu, nyama nyekundu na laini inayong'aa kwa unyevu, ikitoa matone ya mkojo bila kukoma. "Nesi, nimepata mtoto gani?" mama anauliza, na jibu halipatikani upesi. Nje ya mlango bibi anasubiri na khanga mpya mkononi. Ukimya unaofuata ni wa hatari, kwa kuwa ndani yake huanza uvumi na aibu, na mtoto aliyepaswa kuwahishwa hospitali ya rufaa huweza kufichwa nyumbani kwa miaka.

Hali hiyo kitaalamu huitwa ekstrofi ya kibofu. Ni nadra sana: hukadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya kila watoto 30,000 hadi 50,000 wanaozaliwa hai, na huwapata wavulana zaidi ya wasichana. Mkunga anaweza kustaafu bila kuiona hata mara moja. Kwa sababu hiyo hiyo ni vyema akajua mapema la kufanya, kwani siku itakapomfika hatakuwa na muda wa kuuliza.

Kilichotokea tumboni

Katika wiki za mwanzo za ujauzito, ukuta wa mbele wa tumbo la kiinitete hujijenga kutoka pande mbili na kukutana katikati. Katika ekstrofi, tishu zinazopaswa kujenga misuli chini ya kitovu hazifiki mahali pake. Utando mwembamba uliobaki hupasuka, na kibofu, badala ya kuwa mfuko uliofungwa, hubaki wazi kama chungwa lililokatwa nusu. Kinachoonekana kwa nje ni sehemu ya ndani ya ukuta wa nyuma wa kibofu, mahali ambapo mirija miwili kutoka kwenye figo humimina mkojo.

Kasoro hiyo haiji peke yake. Mifupa ya kinena huwa imeachana, na kitovu hukaa chini kuliko kawaida. Kwa mvulana, uume huwa mfupi na mpana, umepinda kuelekea juu, na mfereji wa mkojo uko wazi upande wa juu. Kwa msichana, kisimi hugawanyika sehemu mbili. Ndiyo sababu jinsia huweza kumchanganya asiyezoea. Hata hivyo, figo kwa kawaida huwa nzima wakati wa kuzaliwa, na akili ya mtoto haiguswi na kasoro hii.

Sayansi haijapata chanzo kimoja cha hali hii. Hakuna chakula alichokula mama, kazi aliyoifanya wala neno alilotamkiwa lililoileta. Mzazi anayeogopa kupata mtoto mwingine aelezwe kwamba uwezekano wa mdogo wake kuzaliwa na hali hiyo ni takriban 1 katika 100: ni mkubwa kuliko kwa familia nyingine, lakini bado ni mdogo. Katika ujauzito, ultrasaundi ikionyesha kibofu kisichojaa kila kinapotazamwa, ilhali maji ya uzazi ni ya kutosha, mama apelekwe kwa mtaalamu na mpango wa kujifungulia hospitali ufanywe mapema.

Saa za kwanza

Matunzo ya mwanzo hayahitaji mashine. Kwanza, kitovu kifungwe kwa uzi uliotakaswa, karibu na tumbo. Kibanio cha plastiki kina kingo ngumu zinazokwaruza utando laini wa kibofu kila mtoto anapojinyoosha.

Pili, kibofu kioshwe kwa selaini yenye uvuguvugu, kisha kifunikwe kwa plastiki safi, nyembamba na laini, isiyogandamana na nyama, ndipo nepi ifungwe juu yake. Kila nepi inapobadilishwa, kibofu kioshwe tena na plastiki iwekwe mpya. Gozi kavu haifai, kwa kuwa hushika utando na kuuchubua inapobanduliwa. Gozi yenye vaselini nayo iepukwe, na spiriti au dawa za kienyeji zisipakwe kabisa.

Tatu, mtoto apewe joto na anyonyeshwe kama watoto wengine. Pale inapowezekana, zitumike glavu zisizo za mpira asilia, kwani watoto hawa hupasuliwa na kuwekewa mpira wa mkojo mara nyingi, na wengi wao hupata mzio wa mpira baadaye.

Nne, jinsia isibahatishwe. Ni heri mama aambiwe kwamba daktari atathibitisha, kuliko kupewa jibu litakalogeuzwa baada ya jina kutolewa. Mama aonyeshwe mtoto wake kabla hajafungwa nguo, aelezwe kwa maneno mepesi, na baba ahusishwe. Kisha simu ipigwe hospitali ya rufaa, barua iandikwe, na mama asafiri pamoja na mwanawe.

Kwa nini haraka

Katika siku 3 za kwanza nyonga ya mtoto bado ni laini, na mara nyingine mifupa ya kinena huweza kusogezwa pamoja bila kukatwa. Muda huo ukipita, daktari wa mifupa huhitajika kuikata nyonga ili ifungike, na mtoto hulala akiwa amefungwa miguu kwa wiki kadhaa.

Hata hivyo, haraka inayosisitizwa ni ya rufaa. Kisu chenyewe kinaweza kusubiri. Upasuaji wa kwanza ukifumuka, nafasi ya mtoto kuweza kubana mkojo baadaye hupungua sana, na kwa hiyo wapasuaji wengi leo huona afadhali kungoja wiki au miezi hadi timu kamili iwe tayari. Si kila hospitali yenye chumba cha upasuaji inafaa kujaribu. Mtoto apelekwe penye mabingwa wa upasuaji wa watoto au wa njia ya mkojo. Kwa Tanzania, hospitali kama Muhimbili na KCMC ni mahali pa kuanzia.

Safari ya tiba

Njia iliyoenea kupitia kazi ya Robert Jeffs huko Baltimore, Marekani, hugawa tiba katika hatua: kufunga kibofu na tumbo, kutengeneza uume, na baadaye, mtoto anapoweza kufuata maelekezo, kurekebisha shingo ya kibofu ili aweze kubana mkojo. Wengine huunganisha hatua hizo katika upasuaji mmoja mkubwa. Mtoto asiyeweza kukojoa mwenyewe huweza kutengenezewa njia kwa kutumia kidole tumbo, mbinu iliyoelezwa na Paul Mitrofanoff wa Ufaransa mwaka 1980. Hupitisha mpira mwembamba tumboni na kutoa mkojo kwa saa maalumu.

Kwa mtoto aliyeletwa akiwa mkubwa, au ambaye kibofu chake ni kidogo mno, mkojo huweza kuelekezwa kwenye utumbo mpana, akautoa kwa njia ya haja kubwa. Humkausha haraka na kumrudisha shuleni, lakini humfunga katika kliniki maisha yote: tindikali ya damu ipimwe, figo zichunguzwe, na baada ya miaka utumbo ukaguliwe kwa sababu ya hatari ya saratani.

Kuacha bila tiba nako kuna gharama. Mkojo huchoma ngozi, harufu humtenga mtoto na wenzake, na kibofu kilichoachwa wazi hadi utu uzima huweza kuota saratani. Waliotibiwa husoma, hufanya kazi na huoa au kuolewa. Wanawake huweza kushika mimba, ingawa wanapaswa kufuatiliwa na kujifungulia hospitali kubwa. Baadhi ya wanaume huhitaji msaada wa kitaalamu ili kupata watoto.

Bibi aliye mlangoni atauliza mtoto ana nini. Aambiwe kwamba kibofu chake hakikufunga alipokuwa tumboni, kwamba hakuna aliyemfanyia hivyo, na kwamba leo hii anapelekwa kwa watu wanaojua kukifunga.