Jina Kubwa Hulipa Msimu Mmoja

Uwanja wa KCCA pale Lugogo, Kampala, umepewa jina la Phillip Omondi, na anastahili. Mwaka 1978 aliifungia Uganda mabao matatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ghana, akawa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano, na Cranes, timu ya taifa, wakacheza fainali yao ya kwanza, ambayo hadi leo ndiyo ya pekee. Baadaye alikwenda kusakata kandanda Sharjah, Falme za Kiarabu, akarudi nyumbani, na mwishowe akaifundisha klabu ya KCC, ambayo siku hizi inaitwa KCCA. Waulize mashabiki wa Kampala habari za Omondi, watakuhadithia chenga na mabao hadi giza liingie. Miaka yake ya ukocha wataigusa kwa sentensi moja, wakikumbuka.

Mchezaji hukumbukwa kwa siku yake bora, kocha huhukumiwa kwa mechi yake ya mwisho. Wanaotundika daluga leo na kushika filimbi ya mazoezi kesho huingia katika hesabu hiyo mpya bila kuonywa na mtu. Ukifuatilia makocha waliopita katika klabu za Kampala, utaona kwamba jina ambalo mtu amelijenga akicheza humfungulia mlango. Kinachomweka ndani ni miaka aliyokaa nyuma ya kocha mwingine, au na timu ya vijana, akijifunza kazi ya kufundisha.

Mguu unajua, mdomo haujui

Jimmy Kirunda, nahodha wa Cranes hao wa 1978, alikuwa beki. Mwaka huohuo aliifungia KCC mabao 32 katika ligi ya Uganda, mavuno ambayo washambuliaji wengi hawayafikii hata wakijumlisha misimu mitatu. Kirunda alikuja kuzifundisha SC Villa na timu ya taifa, na hapo ndipo swali la msingi la ukocha linapoanzia: beki anayefunga mabao 32 atamwelezaje mwenzake jinsi ya kufanya hivyo? Sehemu kubwa ya alichokijua ilikaa kwenye misuli na macho, haikuwahi kupitia mdomoni.

Tazama zoezi moja la kawaida. Kipa ana mpira. Mabeki wawili wa kati wanatanuka, kila mmoja kwenye kona yake ya eneo la hatari, na kiungo mkabaji anashuka kuja kuomba pasi. Mshambuliaji wa upande wa pili anamjia mbio kutoka nyuma. Kiungo aliyecheza ligi kuu miaka kumi ataupokea mpira huo, atageuka na kupiga pasi mbele kabla hujajua kilichotokea. Mwambie sasa amfundishe kijana wa miaka 17. Makocha wengi wapya, waliokuwa mafundi enzi zao, hapo hupaza sauti: "Tulia! Cheza mpira!" Kijana anazidi kutetemeka, maana ameambiwa awe na hali fulani, hajaambiwa afanye nini.

Kocha aliyekwishajifunza kazi atasimamisha zoezi na kusema mambo matatu. Kabla kipa hajaachia mpira, tazama nyuma ya bega lako ujue adui yuko upande gani. Simama ubavu, usimpe kipa kifua chote, ili uone goli lako na goli lao kwa pamoja. Pokea kwa mguu ulio mbali na anayekukaba. Kisha atarudisha mpira kwa kipa na zoezi litaanza upya, mara ishirini kama itabidi. Anayesema mambo hayo si lazima awe ndiye aliyeyafanya vizuri zaidi enzi zake. Mara nyingi ni yule aliyekuwa mchezaji wa kawaida, aliyelazimika kufikiri pale ambapo wenzake walitegemea kipaji.

Na hilo ni la uwanjani tu. Kocha anapanga wiki nzima: nani apumzike baada ya mechi, lini miguu ibebeshwe mzigo mzito, lini wapunguziwe. Anaongea na viongozi wanaotaka ushindi wa Jumamosi na wachezaji wanaotaka mshahara wa mwezi uliopita. Akiwa amestaafu juzi, chumba cha kubadilishia nguo kimejaa watu aliokuwa akitaniana nao, na sasa lazima amwambie mmoja wao kwamba hatacheza.

Ngazi ya leseni

Shirikisho la soka la Afrika, CAF, limeweka ngazi ya leseni ili kazi hiyo ifundishwe. Inaanzia D, inapanda C, B na A, na kileleni kuna Pro. Nchini Uganda, kozi hizo huendeshwa kupitia shirikisho la nchi, FUFA. Daraja za chini zinahusu watoto na vijana. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo anavyodaiwa zaidi: kuandika mpango wa mazoezi, kuchambua mechi, kusimamia zoezi mbele ya wakufunzi na kutetea kwa maneno kwa nini amechagua zoezi hilo na si lingine. Kwa kocha mkuu wa klabu inayocheza mashindano ya CAF, leseni A ndiyo inayodaiwa.

Kwa nyota aliyestaafu, hili ni jambo gumu kumeza. Jana alikuwa akisainia watoto fulana, leo amekaa darasani na mwalimu wa shule ya msingi ambaye hajawahi kucheza ligi kuu, na huenda mwalimu huyo akafaulu vizuri kuliko yeye, kwa kuwa amezoea kuandaa somo. Ndiyo maana katika ukanda wetu zimekuwapo klabu zinazokwepa: mwenye jina anatambulishwa kwa mashabiki kama bosi wa benchi, na mwenye cheti anaandikwa kwenye fomu. Ujanja huo huvusha mechi, lakini timu hubaki na watu wawili wanaotoa amri, na wachezaji huwa wepesi kung'amua nani asikilizwe.

Leseni peke yake haimfanyi mtu kocha, kama vile leseni ya udereva isivyokufanya umudu barabara za Kampala saa kumi na moja jioni. Kinachokamilisha kazi ni mazoezi ya kila siku chini ya mtu anayeijua.

Shule ya Lugogo

Mfano bora wa karibuni ni benchi la KCCA chini ya Mike Mutebi. Mutebi aliichezea klabu hiyo, akapita katika mabenchi mbalimbali, na aliporudi Lugogo mwaka 2015 alikuwa mtu mzima mwenye msimamo kuhusu soka. Timu ilijenga mashambulizi kuanzia kwa kipa, hata mashabiki walipokuwa wakishika vichwa. Vijana walipewa nafasi mapema. KCCA ilitwaa ubingwa wa ligi msimu wa 2015/16, wa 2016/17 na wa 2018/19, na mwaka 2019 ikabeba Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, mjini Kigali kwa kuifunga Azam ya Tanzania kwenye fainali.

Kilele kilikuwa mwaka 2018. KCCA ikawa klabu ya kwanza ya Uganda kufika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na mwezi Mei kwenye uwanja wa Namboole ikaichapa Al Ahly ya Misri mabao 2-0. Kwa klabu yenye bajeti ya Lugogo, ushindi ule ulikuwa matunda ya zoezi lile la kipa na mabeki wawili, lililorudiwa siku baada ya siku.

Faida nyingine ilionekana kwenye soko. Patrick Kaddu alinunuliwa na RS Berkane ya Morocco, Allan Okello akaenda Paradou ya Algeria, na Mustafa Kizza akavuka bahari hadi Montreal, Kanada. Katika ligi zetu, ambako mapato ya viingilio ni kidogo, kocha anayejua kukuza mchezaji huiletea klabu fedha ambazo kombe pekee haliwezi kuleta.

Pembeni mwa Mutebi alikaa Morley Byekwaso. Enzi zake Byekwaso alikuwa kiungo wa KCC na Express, mchezaji aliyejulikana mjini kote.  Hata hivyo alikaa kwenye kiti cha msaidizi, kazi ambayo haina picha magazetini: kupanga koni, kumfuata kijana aliyekasirika baada ya kutolewa, kuangalia mechi za wapinzani na kuandika. Mapema mwaka 2021 alikabidhiwa timu ya taifa ya chini ya miaka 20 kwa ajili ya mashindano ya Afrika nchini Mauritania. Vijana wake waliifunga Tunisia 4-1 kwenye nusu fainali, Derrick Kakooza akipachika matatu peke yake, kabla ya kulala 2-0 mbele ya Ghana kwenye fainali.

Mwaka huohuo kibarua cha Mutebi kiliota nyasi, na Byekwaso akaachiwa benchi la KCCA. Baadaye naye akaondoka. Lakini kocha aliyejengwa namna hiyo hubaki na kitu mkononi hata anapofungasha virago. Agosti 2025, Uganda ilipoandaa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, pamoja na Kenya na Tanzania, Byekwaso ndiye aliyeiongoza Cranes. Walianza kwa kipigo cha 3-0 kutoka kwa Algeria. Kocha wa jina tupu angebabaika hapo. Timu ilijipanga upya, ikaifunga Guinea 3-0 na Niger 2-0, ikatoka sare ya 3-3 na Afrika Kusini, na Uganda ikaingia robo fainali ya CHAN kwa mara ya kwanza, ilikotolewa na Senegal kwa bao 1-0.

Kanuni hiyo ya kuanzia kwenye kiti cha msaidizi inafanya kazi hata ughaibuni. Ibrahim Sekagya, nahodha wa zamani wa Cranes aliyecheza Argentina na kisha Red Bull Salzburg ya Austria kwa miaka sita, alimalizia soka lake New York Red Bulls. Pamoja na sifa zote hizo, klabu haikumkabidhi kikosi cha kwanza. Alianza kama msaidizi katika timu ya pili, ile ya kulea vijana, na miaka ilipita kabla hajawa kocha mkuu wake.

Benchi la taifa na soko la jirani

Kiti cha kocha mkuu wa Cranes ni kisa kingine. Kwa miaka mingi kimekaliwa na wageni: Bobby Williamson, Milutin Sredojević anayejulikana kama Micho, Sébastien Desabre, Johnathan McKinstry, Paul Put. Mzawa huitwa nyumba inapowaka moto. Julai 2017 Micho aliondoka katikati ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia, na timu ikawekwa mikononi mwa Moses Basena kwa muda. Tarehe 31 Agosti, Namboole, Uganda iliifunga Misri 1-0 kwa bao la Emmanuel Okwi. Oktoba wakatoka sare tasa na Ghana palepale. Kundi lilipomalizika, Uganda ilikuwa ya pili, mbele ya Ghana. Desemba, kazi ya kudumu akapewa Desabre.

Simlaumu Desabre, aliyewafikisha Cranes hatua ya 16 bora ya Kombe la Mataifa ya Afrika 2019. Nasema tu kwamba hoja ya "mzawa hawezi" haina ushahidi. Benchi lililoipeleka Uganda fainali mwaka 1978 liliongozwa na Mganda, Peter Okee.

Nyumbani nafasi zikiwa finyu, makocha wa Kampala hutafuta riziki kwa jirani, na wasomaji wa Tanzania wanawafahamu. Julai 2011, fainali ya Kombe la Kagame jijini Dar es Salaam ilikuwa Yanga na Simba. Yanga ilinolewa na Sam Timbe, Simba na Basena, Waganda wote wawili. Yanga ikashinda 1-0.

Jackson Mayanja alifuata njia hiyohiyo. Alikuwa nyota wa KCC, akacheza Misri na Tunisia, kisha akaingia ukocha na kupitia Kagera Sugar na Coastal Union za Tanzania. Januari 2016 alijiunga na Simba kama msaidizi wa Dylan Kerr. Kerr akatimuliwa siku chache baadaye, na Mayanja akajikuta anaongoza mojawapo ya timu mbili kubwa nchini hadi mwisho wa msimu. Msimu uliofuata alikuja Joseph Omog, na Mayanja akarudi kwenye kiti cha usaidizi. Wapo waliomwona ameshushwa cheo. Kwa anayeijua kazi hii, kupanda na kushuka vile ni sehemu ya shule, na si kila mstaafu ana moyo wa kuikubali.

Maswali ya kuuliza

Klabu yako itakapomtambulisha nyota wa zamani kuwa kocha mkuu, usiishie kwenye mabao aliyofunga. Uliza amekuwa msaidizi wa nani, na kwa muda gani. Uliza ana leseni gani. Uliza ni kijana gani amepita mikononi mwake akatoka mchezaji bora kuliko alivyoingia. Kisha waulize viongozi swali ambalo hawalipendi: watamvumilia kwa mechi ngapi? Kama jibu ni tano, basi wamelipia jina tu, na mstaafu mwenyewe angefanya busara kuomba kwanza timu ya vijana.