Pikipiki ya Kwanza Mpakani

Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kijana akitangaza kwamba anataka kununua pikipiki, haulizwi kama anajua kuendesha. Anaulizwa itabeba magunia mangapi. Wazee wa steji watamtajia ya cc 150 kabla hajamaliza kusema, na mjomba aliyeahidi kumsaidia depoziti ataitikia vivyo hivyo, kwa sababu mpakani pikipiki ni kazi kwanza, usafiri baadaye. Kwa mtu aliyeshika usukani miaka mitano, ushauri huo ni sawa. Kwa anayeanza, ni kama kumkabidhi mtoto plau na fahali wawili siku ile ile anayofundishwa kulima.

Tabia hiyo ina historia yake, na historia yenyewe ni ya hapa hapa. Jina bodaboda lilizaliwa Busia na Malaba, tangu miaka ya 1960, pale vijana wenye baiskeli walipoanza kuwavusha wasafiri katika kipande cha ardhi kilichopo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Matatu ilikuacha upande mmoja, na kutembea na mizigo juani hadi upande wa pili hakukuwa mchezo. Vijana waliita "boda-boda!", yaani mpaka hadi mpaka, abiria akaketi juu ya keria iliyoshonewa mto, safari ikaanza. Kosa la mwendesha baiskeli lilimwangusha polepole. Kisha mwaka 2008 serikali ya Kenya ikaondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, na pikipiki za India na China zikajaa kila steji. Aliyekuwa akikanyaga baiskeli ya Black Mamba jana akajikuta juu ya injini leo, na mwalimu wake akawa rafiki aliyemfundisha mchana mmoja uwanjani. Hadi sasa wengi hujifunza hivyo, kwa pikipiki ya mtu mwingine, na wakifika dukani huitaka ile ile waliyoizoea kwa saa mbili.

Dukani chaguo si finyu. Bajaj Boxer na TVS HLX ndizo zinazoonekana zaidi, za cc 100, 125 na 150, halafu kuna Honda, Yamaha na majina kadhaa ya Kichina yenye bei ya kuvutia. Haki isemwe: hata hiyo 150 inayoogopwa na akina mama si dubwana. Boxer 150 ina injini ya cc 144.8 na nguvu za farasi takribani 12. Ulaya, leseni ya ngazi ya A1, ambayo katika nchi nyingi hupewa hata mtu wa miaka 16, humruhusu kuendesha pikipiki ya cc 125 yenye nguvu ya hadi kilowati 11, na kilowati hizo zinaizidi Boxer yetu. Kwa hiyo anayesema 150 itamrusha mwanafunzi mtaroni kwa mbio zake anatia chumvi. Shida iko kwingine. Ni nzito zaidi, inakunywa zaidi, ni ghali zaidi, na zaidi ya yote, wenye mizigo wakishaiona hawakuachi. Wiki ya pili tu mtu anaombwa abebe mbao, godoro na mwenye godoro.

Anayeanza aende dukani akiwa na viatu vile vile atakavyovaa akiendesha. Hili ni jambo dogo ambalo wauzaji hawalitaji. Akae juu ya kiti, pikipiki ikiwa imesimama wima bila stendi, aone kama nyayo zote mbili zinafika chini. Vidole peke yake havitoshi, maana siku atakayosimama ghafla kwenye mteremko wa matope, vidole ndivyo vitakavyoteleza. Halafu aisukume kinyumenyume hatua kumi, ikiwezekana kuelekea kwenye mwinuko kidogo. Akihema kabla ya hatua ya tano, jibu limepatikana. Mwisho ailaze kidogo upande mmoja na kuiinua tena. Pikipiki haianguki ikiwa mbioni tu. Huanguka nyumbani, steji, kwenye pampu ya petroli, na mwenye kuiinua ni mwenyewe.

Klachi nayo ishikwe. Mkono mdogo usiofika vizuri kwenye mkono wa klachi utachoka kabla ya kutoka Busia hadi Matayos. Wanawake wanaonunua pikipiki kwa ajili ya biashara zao wenyewe hukumbana na hili zaidi, kwa vile pikipiki nyingi zimepimwa kwa mwili wa mwanamume. Dawa ni rahisi: fundi anaweza kulegeza waya wa klachi na kusogeza breki ya mguu kwa dakika chache. Afanye hivyo kabla pikipiki haijatoka dukani.

Giya ndizo zinazomchanganya mwanafunzi kuliko kitu kingine chochote. Pikipiki nyingi za biashara zina mkono wa giya wenye ncha mbili, ya mbele ya kukanyaga kwa vidole na ya nyuma ya kukanyaga kwa kisigino. Lakini mpangilio haufanani. Kuna zinazokanyagwa mbele kwa kila giya, na kuna ambazo ya kwanza huenda chini na zinazobaki hupanda juu. Aliyejifunza moja akinunua nyingine, mguu wake utafanya kinyume wakati ule ule anapohitaji usikosee, mathalani nyuma ya trela lililofunga breki.

Na matrela ndiyo hali ya hewa ya Malaba. Foleni ya malori yanayosubiri kuvuka huweza kunyooka kilomita kadhaa upande wa Bungoma, na wanabodaboda huipita kwa kulia, uso kwa uso na yanayotoka Uganda. Trela likipita kwa kasi husukuma hewa, kisha huivuta, na pikipiki nyepesi ya cc 100 huhisi mambo hayo mawili kwa mpigo mmoja. Hii ndiyo hoja ya kweli ya kupendelea 125 kuliko 100 kwa anayejua kwamba njia yake ya kila siku ni barabara kuu hiyo. Hali kadhalika anayeishi upande wa Angurai, au anayepanda kuelekea vilima vya Chelelemuk na michoro ya miambani ya Kakapel: hapo 100 yenye abiria itabidi ishushwe giya hadi ya kwanza, injini ikilia kama mbuzi. Kwa anayezunguka mjini Busia, Mundika na Alupe, 100 inamtosha kabisa, na ikitunzwa vizuri kwa kawaida humpa zaidi ya kilomita 50 kwa lita.

Usiku una adui yake. Huku ni nchi ya miwa, na trekta zenye matela ya miwa hutembea gizani bila hata reflekta moja nyuma. Mnunuzi aombe pikipiki iwashwe, aingie nayo penye giza au azibe mwanga kwa mkono, atazame taa. Kwenye pikipiki ndogo kadhaa taa hufifia injini ikipunguza mwendo na kuwaka vizuri ikiongezwa mafuta, maana yake mwendeshaji huona kidogo zaidi pale pale anapopunguza kasi ili aone. Breki nazo ziangaliwe kwa jicho hilo hilo. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha, ingawa wanafunzi huiogopa kama umeme. Kwenye lami aizoee. Kwenye muramu aibane polepole, kwa sababu gurudumu la mbele likigoma juu ya changarawe hakuna wa kukuokoa.

Kuhusu rimu, mafundi wa vijijini husifu zile za spoksi, kwa kuwa zikipinda kwenye shimo zinanyooshwa kwa spana ndogo chini ya mwembe, ilhali rimu ya kipande kimoja ikipasuka hubadilishwa. Huo ndio mtihani wa kila pikipiki inayouzwa hapa: je, spea yake ipo Bumala, Nambale, Adungosi? Pikipiki ya jina geni inaweza kuwa nafuu dukani, lakini mtu akilazimika kuagiza kebo kutoka Nairobi kila inapokatika, unafuu umeishia hapo. Ushauri bora hutolewa bure na fundi wa jirani. Amuulize ni pikipiki gani hajawahi kukosa spea yake, kisha anyamaze amsikilize.

Kuna wanaovutiwa na zile Yamaha ndefu, DT na AG, ambazo zamani ziliendeshwa na maafisa wa kilimo na wa afya na baadaye zikapigwa mnada. Ni imara, hazibishaniki matopeni. Lakini kiti kiko juu, nyingi zina umri mkubwa, na AG100 ni ya mipigo miwili, inayochoma oili pamoja na petroli. Mwenye kuanza aziache kwa wenye miguu mirefu na subira ndefu.

Sehemu inayowaliza watu mpakani ni makaratasi. Namba za pikipiki za Kenya huanza na KM, za Uganda huanza na U, na kati ya hizo mbili ndipo bei za ajabu zinapopatikana. Pikipiki iliyonunuliwa ng'ambo ikavushwa kwa njia za panya, bila kupitia forodha na bila kusajiliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kisheria haina mwenyewe upande huu, hata kama pesa zililipwa mchana kweupe mbele ya mashahidi. Ikikamatwa, muuzaji atakuwa ameshasahau jina la mnunuzi.

Hata ile yenye namba za Kenya inahitaji dakika tano za ukaguzi. Namba ya chasisi huwa imegongwa kwenye chuma cha shingo, chini ya usukani. Namba ya injini huwa kwenye ubavu wa injini, mara nyingi imefunikwa na grisi na vumbi. Apanguse kwa kitambaa chenye petroli, asome tarakimu moja moja, alinganishe na logibuku. Chuma kikiwa kimesuguliwa, tarakimu zikipanda na kushuka kama meno ya mtoto, aondoke bila kuaga. Zikilingana, muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kupitia eCitizen kabla ya shilingi ya mwisho kutoka mfukoni. Makubaliano ya "nitakuhamishia wiki ijayo" yamewaweka wengi katika kesi za ajali ambazo hawakuzisababisha.

Leseni nayo ina madaraja. A2 ni ya pikipiki ya kawaida, A3 ni ya wabeba abiria na wapeleka vifurushi. Bima ni hivyo hivyo: ya matumizi binafsi haimlindi abiria anayelipa nauli. Na anayetaka kuvuka hadi Tororo au Busia ya Uganda kwa pikipiki yake ajue kwamba bima ya Kenya huishia mpakani. Ng'ambo huhitajika kadi ya njano ya bima ya COMESA. Kituo cha pamoja cha mpakani, kile cha Busia kilichofunguliwa na Rais Kenyatta na Rais Museveni Februari 2018, kimepunguza foleni ya mihuri lakini hakijaondoa haja ya karatasi hiyo.

Wengi hununua kwa mkopo wa kulipa kila siku. Si vibaya, ila mkopo una namna yake ya kuchagua pikipiki kwa niaba ya mtu. Malipo ya kila siku yanataka abiria kila siku, abiria wanataka mwendo, na mwanafunzi wa wiki tatu anajikuta anashindana na wazoefu ili tu asikose rejesho la jioni. Anayeweza kusubiri, akaweka kwenye chama au sacco na kununua 100 kwa pesa taslimu, amejinunulia pia muda wa kujifunza. Pikipiki za umeme nazo zimeanza kuenea Kenya na Uganda, na hazina klachi wala giya za kumchanganya mtu. Swali ni moja tu kwa mkazi wa mpakani: kituo cha kubadilishia betri kiko umbali gani kutoka kwake?

Sheria ya trafiki inataka abiria mmoja, helmeti na koti la reflekta. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2008 na shirika la Cochrane ulionyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ile ya bure inayotolewa pamoja na pikipiki mara nyingi ni ganda la plastiki. Aivae, afunge kamba, atikise kichwa. Ikizunguka, arudishe.

Kwa hiyo anayeanza leo Busia mjini achukue 100. Wa Malaba na wa milimani achukue 125. Hiyo 150 isubiri mwaka mmoja, na tofauti ya bei ilipie shule ya udereva na helmeti mbili za maana. Na wewe unayekwenda kuangalia pikipiki iliyotumika, nenda asubuhi na mapema bila kumwarifu muuzaji saa ya kufika, uguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, kuna jambo ambalo hakutaka ulione ikiwa baridi.