Sari Nayo Hubadilika

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na mjadala kuhusu mavazi. Msemaji mmoja wa upande wa pili alisimama akasema eti Wahindi hawajabadilisha vazi lao tangu jadi, tazameni sari, ilhali sisi tumeyatupa yetu. Alipigiwa makofi kweli kweli. Mimi nilijua si hivyo, lakini kengele ikalia kabla sijapewa nafasi. Basi najibu hapa.

Haya nimeyajulia wapi? Mama yangu ni fundi cherehani. Kazi yake kubwa ni kushona blauzi za sari, pamoja na ule utepe wa pindo la chini unaozuia kitambaa kisichakae kwa kuburutwa. Karo yangu hutoka humo.

Sari ni kitambaa kimoja kirefu, yadi 5 hadi 9, kisichokatwa wala kushonwa. Kitambaa ndicho cha zamani. Namna ya kukivaa ndiyo hugeuka, tena hutofautiana pahali na pahali. Huko Maharashtra wanawake walivaa sari ya yadi 9 wakaipitisha katikati ya miguu ikawa kama suruali, wakaweza kulima na kubeba samaki bila taabu. Gujarat, walikotoka mababu wa Wahindi wengi wa hapa Kenya, ncha hutoka mgongoni, ikapita bega la kulia na kuning'inia kifuani.

Ule mtindo tunaouona sana, marinda mbele kiunoni na ncha ikitupwa nyuma ya bega la kushoto, huitwa nivi. Na blauzi je? Hapa msemaji wetu angeshangaa. Zamani kule Bengal wanawake wengi walivaa sari peke yake, bila blauzi wala gagulo. Miaka ya 1860, Jnanadanandini Devi alifuatana na mumewe, Satyendranath Tagore, aliyekuwa afisa wa serikali, hadi Bombay. Vazi la kwao halikumfaa kutokea mbele ya watu. Akawatazama wanawake wa Kiparsi, akaiga, akageuza kidogo, kisha akarudi Calcutta na sari ya kuvaliwa na blauzi na gagulo, akawafundisha wenzake. Kumbe hiyo "tangu jadi" haijatimiza hata miaka 200!

Baadaye sinema zikaingia. Mwaka wa 1968, katika filamu ya Brahmachari, mwigizaji Mumtaz alivaa sari ya rangi ya machungwa iliyombana na iliyoshonwa tayari, na wasichana wakaitaka hiyo hiyo. Siku hizi mijini huko India wengi huenda kazini na salwar kamiz au jinzi, sari ikingoja harusi na sikukuu. Wengine huivaa na fulana, mshipi na hata raba za michezo. Mimi raba sizipendi, lakini hilo ni langu.

Sari za kushonwa tayari zimefika mpaka kwenye meza ya mama. Likizo ya Agosti alikuja msichana wa rika langu na sari ya hariri ya nyanya yake. Alitaka ikatwe, marinda yashonwe, itiwe zipu, aivae kama sketi kwenye harusi ya binamu yake, maana kujifunga hajui. Mama alishika mkasi, akautua.

"Nyanya anajua umeileta hapa, mwanangu?"

Msichana akanyamaza.

Mama hakukata. Aliyakunja marinda akayashikiza kwa mkono, uzi mtupu, akaweka vifungo vya kulabu kiunoni, ili uzi ukifumuliwa sari irudie yadi zake 6. Kazi ya saa mbili ikawa ya siku mbili, na pesa zikabaki zile zile. Nusu ya marinda hayo niliyashona mimi.